Karai la Bibi Hermelinda

Kila alasiri akitoka shule, Yadira alikuwa na kazi moja: kulizungusha karai la shaba la bibi yake juu ya barafu iliyotandikiwa nyasi kavu, mpaka juisi ya matunda igeuke aiskrimu. Mji mzima wa Ibarra hutengeneza hivyo. Ndiyo maana watoto wa huko wana misuli mkono mmoja tu.

Siku ya tamasha la shule, Bibi Hermelinda alikubali kwa mara ya kwanza karai litoke nyumbani.

"Likinirudia na aibu, halitoki tena," alionya.

Yadira akashika karai. Barafu na chumvi alimwachia Saywa, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Nusu saa ikapita. Juisi ya stafeli ikabaki juisi.

"Jamani, tulete vijiko au mirija?" akapayuka Wilmer wa darasa la saba. Foleni nzima ikaangua kicheko.

"Saywa, chumvi umeweka?"

"Nimeweka, shoga yangu."

"Kweli?"

"We naye! Si nimeshasema?"

Yadira akachovya kidole kwenye maji yaliyochuruzika chini ya barafu, akalamba. Maji matupu. Akainama. Mfuko wa chumvi ulikuwa chini ya benchi, umejaa pomoni, umefunikwa kwa sweta la Saywa. Roho ikamuuma.

"Nimekuuliza mara mbili," alisema polepole. "Mara mbili, Saywa. Watu wananicheka, na wewe unanitazama tu."

Saywa akaanza kulia. "Nilitia punje chache kwenye kipande kimoja, kikayeyuka! Nikaogopa nitaimaliza barafu yote."

Bibi Hermelinda, aliyekuja kuliangalia karai lake, alisikia yote. Akamwaga chumvi konzi tatu. Barafu ikaanza kutoka jasho.

"Zungusha," aliamuru. "Chumvi huifanya barafu iyeyuke hata kwenye baridi kali. Na ikiyeyuka hunyonya joto la juisi. Maji hayo ya chumvi ni baridi kuliko barafu yenyewe."

Punde utando mweupe ukashika ukingoni mwa karai.

"Kutojua mambo ya chumvi si kosa, mwanangu," Bibi alimwambia Saywa. "Hata mimi nilifundishwa. Kosa ni kusema 'nimeweka'. Ungesema kweli, tungelimaliza hili kwa dakika mbili."

Kijiko cha kwanza alipewa Wilmer, akakilamba mpaka kikang'aa. Cha pili Yadira alimpa Saywa, bila kumtazama usoni.

"Kesho chumvi naweka mwenyewe," alisema. "Wewe utazungusha."