Kisanduku Kilichomeza Kilio

Jogoo alipanda juu ya ukuta wa zizi kama kawaida yake, akanyoosha shingo mpaka manyoya yakasimama, akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyesahau alichotumwa, akajaribu tena. Clotilda, aliyekuwa mlangoni na ufagio mkononi, alimtazama mpaka jua likapita juu ya migomba. Hakucheka. Jana yake walicheka vya kutosha.

Jana yake mumewe, Emilian, alimbana jogoo huyo kwapani, akamsogezea maiki, akakanyaga kisanduku chake cha kuchezea sauti. Jogoo alipowika, amplifaya ilitoa sauti iliyokatikakatika, ko-ko-ko-ko, kama kanda iliyokwama kwenye redio, kisha ikashuka ikawa ya bati, kama zile sauti za michezo ya betri ya watoto wa Kizungu. Wapigaji muziki wenzake wawili walishika mbavu. Emilian alimwambia jogoo kwamba tangu aanguliwe hajapata kuwika vizuri namna ile.

Huyo ndiye mume Clotilda aliyempata: mtu wa kushindana na jogoo.

Alikuwa ameolewa naye miaka minne pale Nyamiaga, wilayani Ngara, na kwa miaka minne alikuwa amesikia habari za Mwanza, ambako Emilian alikaa miezi sita kwenye bendi moja ya dansi kisha akarudi akiuzungumzia mji ule kama aliujenga yeye. Kwaya ya parokia aliiita mbuzi wenye njaa. Ilipofika miaka ya wakimbizi, magari ya mashirika yakajaa Ngara na watu wa mashirika wakahitaji mahali pa kunywea bia, Emilian alipata kazi ya kupiga gitaa na kuimba kila Jumamosi kwenye nyumba moja ya wageni. Basi hapo ndipo kichwa kilipovimba kabisa. Clotilda aliacha kubishana naye. Alimpikia, akamfulia, akamdharau kimyakimya, kama mtu anavyozoea jiwe ndani ya kiatu.

Kisanduku chenyewe hakikuwa chake. Kiliundwa na Ntwari, mkimbizi kutoka Burundi, fundi wa redio kwenye soko la kambini. Ntwari alichukua redio zilizokufa, kinanda cha plastiki kilichotupwa jalalani na mchezo mmoja wa betri wa mtoto, akaviunganisha ndani ya kopo la maziwa. Mpiga gitaa akikanyaga kitufe, sauti inavunjika vipandevipande na kujirudia. Emilian alikiazima kwa wiki moja. Wiki ikawa miezi. Kwa wageni wake alisema amekiunda mwenyewe, na siku Ntwari alipokuja kukidai, Emilian alimuuliza mbele ya watu kama ana kibali cha kutoka kambini, au anataka polisi waitwe. Ntwari aliangalia chini, akaondoka. Wapigaji walicheka. Clotilda alikuwa pale, akaona aibu iliyompasa mumewe ikimkaa yeye usoni.

Na ubaya ulianza muda mfupi baada ya hapo, kule Murusagamba, walikokwenda kumsalimu shangazi yake Emilian. Nyuma ya mashamba ya shangazi kuna chemchemi chini ya miamba, ambapo wanawake huchota maji bila kusema neno, kwa kuwa wazee wanasema pana mwenyewe na hapendi kelele. Emilian alisikia hayo, akasema ujinga wa watu wa mpakani hauna dawa. Akabeba betri ya gari, amplifaya na kisanduku mpaka pale, mchana kweupe, kwa sababu alitaka mwangwi wa miamba. Alipiga. Kisha akaisogelea maiki, akamwalika huyo mwenyewe atoke ajifunze muziki. Maneno yake yalirudi yamekatikakatika, mara moja, mara mbili. Akainua mguu kutoka kwenye kitufe. Yakarudi mara ya tatu, na mwishoni mwake palikuwa na kicheko ambacho Emilian hakuwa amekicheka.

Tangu siku hiyo kisanduku kilinuka. Ilikuwa harufu ya waya ulioungua iliyochanganyika na tope la chini ya maji, na hata betri ilipochomolewa kilikuwa kikigonga taratibu ndani yake, tik, tik, kama mdudu ndani ya ubao. Emilian alisema ni joto.

Siku ya tatu tangu jogoo awe bubu, binti yao Felisita, mwenye miezi minane, alilia. Alikuwa anaota meno. Emilian alikuwa uani akifanya mazoezi na wenzake, na kilio kilimkera. Clotilda alikuwa jikoni. Alisikia kilio cha mtoto kikiingia kwenye amplifaya, nga-nga-nga-nga, kikishuka, kikipanda, kikigeuzwa kuwa cha bati, na Emilian akisema hatimaye amepata mwimbaji mwenye sauti mbaya kuliko ya mama yake. Wenzake wakacheka. Clotilda alitoka na mwiko mkononi, akamnyakua mtoto.

Felisita alikuwa bado analia. Machozi yalitiririka, ulimi ulitetemeka, kifua kilipanda na kushuka. Lakini hakuwa na sauti. Na wakati huohuo, nyuma ya zizi, jogoo akawika.

Walimpeleka zahanati. Mganga alimulika koo, akasema ni zima. Padri alimwombea na kumnyunyizia maji ya baraka, akawaambia wasichoke kusali. Wiki nzima Clotilda hakumtua mtoto chini, kwa kuwa mtoto asiyesikika akianguka, akibanwa, akiungua, nani atajua?

Siku ya nane, saa sita mchana, Emilian akiwa mjini, Clotilda alisikia mwanawe akilia chumbani. Alisahau kwamba amembeba mgongoni. Alikimbia, akasukuma mlango, na pale sakafuni palikuwa na kisanduku peke yake, bila betri, bila waya, kikilia kwa sauti ya Felisita, na alipokuwa amesimama pale akishika mlango kilio kilianza kukatwa vipandevipande na kupangwa upya, kipande juu ya kipande, polepole, kama mtu anayejifunza kusoma, mpaka kile kilichokuwa nga-nga kikawa ma, kikawa ma-ma, kikawa sauti ya mwanawe ikimwita kwa neno ambalo mwanawe alikuwa hajajifunza bado, ikimwita kwa dhihaka, ikivuta neno hilo puani kama watu wanavyomwigiza mwenye king'ong'o, huku Felisita mwenyewe mgongoni mwake akikaza vidole vyake vidogo shingoni mwa mama yake, maana naye alikuwa anasikia.

Alikwenda kambini kwa miguu siku hiyohiyo. Ntwari alikuwa ameinama juu ya redio chini ya turubai la bluu. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mimi niliunda chombo cha kuvunja sauti," alisema kwa sauti ya chini. "Sikuunda cha kuiba. Lakini jambo moja nakuambia, mama. Kumbukumbu yake ni ndogo. Inashika sauti moja tu. Ukiingiza nyingine, ya kwanza inatoka."

Clotilda alimkumbuka jogoo, akaelewa.

Mtu aliyemshauri kumtafuta Malongo, mganga wa jadi, alikuwa shangazi yule wa Murusagamba. Malongo aliishi upande wa Biharamulo, na alikuja kwa baiskeli, amevaa fulana ya shirika la chakula iliyotoboka, akitafuna karanga. Clotilda alimwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kumtazama. Alikinusa kisanduku, akatema maganda.

"Hili ni jini la dharau," alisema. "Haligusi sauti inayoheshimiwa. Linachukua iliyochekwa kwa kudharauliwa. Mkitaka ya mtoto, lipeni nyingine."

Emilian alipendekeza mbuzi. Wakamleta, wakamsogezea maiki, wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye hofu, na mbuzi aliendelea kulia vizuri tu. Malongo aliwaambia, kama mtu anayeongea na wajinga, kwamba jini likishaonja mtu halirudi kwa mnyama. Kisha akaagiza aliyekiunda kisanduku aletwe, kwa sababu yeye ndiye alijua nyaya zake. Safari hii Emilian mwenyewe alikwenda kumwombea Ntwari kibali.

Wakakaa uani, watu wazima wanne na mtoto. Malongo hakuuliza nani atatoa sauti yake. Alimtazama Emilian tu. Clotilda naye alimtazama, na hakuona haya. Ikiwa palikuwa na sauti duniani aliyoidharau, ni ile.

Emilian alisema sauti yake ndiyo kazi yake. Alisema Jumamosi watu wanamngoja. Alisema mambo mengine kadhaa, na wakati akiyasema Felisita alianza kulia tena mapajani mwa mama yake, amefura uso, mdomo wazi, kimya. Emilian alimwangalia. Kisha akainuka, akachomeka betri, akaishika maiki.

"Mimi ni Emilian," alisema. "Kisanduku hiki sikukiunda mimi. Alikiunda Ntwari. Na kule Mwanza nilibeba vyombo zaidi ya nilivyopiga."

Akakanyaga. Maneno yalirudi mazima, bila mkato. Malongo akatikisa kichwa.

"Halitaki hayo. Nani atakudharau kwa kusema kweli?"

Clotilda alisikia kitu kikilegea kifuani, kitu alichokuwa amekikaza kwa miaka minne. Emilian alimgeukia, akaona, na macho yake yakamsihi asimhurumie. Akaweka sawa ukosi wa shati. Akainua kidevu kama alivyozoea kukiinua.

"Mimi ndiye Emilian," alianza upya, kwa sauti ile ya Jumamosi. "Ngara nzima hakuna mkono kama wangu. Mkimbizi ni nani mbele yangu? Fundi wa mabati, anayekula mahindi ya bure, akija kwangu kudai, mimi namuuliza kibali..."

Alikuwa akimtazama mkewe ili acheke. Clotilda alijaribu. Aliitafuta dharau yake mahali pote alipokuwa ameiweka, akakuta ghala tupu. Na kisanduku kilikuwa kikigonga haraka sasa, tik-tik-tik, harufu ya tope ikajaa uani mpaka Felisita akaficha pua kwenye nguo ya mama yake, na Emilian aliendelea kusema, mimi hivi, mimi vile, jasho likimtoka, akirudia maneno, akiyatafuta mabaya zaidi, huku mguu wake ukingoja juu ya kitufe.

Ntwari ndiye aliyecheka.

Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilitoka kwa chini, kirefu, kikavu, cha mtu aliyekihifadhi tangu siku ile alipoangalia chini mbele ya watu. Emilian akakanyaga. "Mimi-mi-mi-mi-mi," ikasema amplifaya, ikishuka, ikawa ya bati. Mdomo wa Emilian uliendelea kusogea, lakini hapakuwa na neno tena ndani yake. Na Felisita akalia kwa sauti, kilio cha meno na njaa na hasira ya siku zote zile, na Clotilda akamwacha alie, alie, alie, wala hakumbembeleza.

Malongo alichomoa betri, akakifunga kisanduku kwa maganda ya mgomba, akakitia kwenye kikapu cha baiskeli. Aliwaambia wasimuulize anakipeleka wapi, na kwamba kikivunjwa, kilichomo kitatoka na kutafuta nyumba ndani ya mtu.

Kiangazi kilichofuata, Emilian, bado bila sauti, alikuwa akipigia gitaa kwaya ya parokia. Watu walisema anapiga vizuri kuliko zamani. Na Ntwari alikuja kuwaona, kibali mfukoni. Emilian alimletea kiti kizuri cha nyumbani na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akakaa chini kwenye jamvi. Ntwari alikunywa kidogo. Alikuwa amekonda. Aliwaambia, bila kuinua macho, kwamba siku hizi kambini hakai na watu wakipiga soga.

Felisita, aliyekwisha kuanza kutembea, alichukua kofia ya baba yake, akaivaa, ikamfunika uso mpaka kidevuni, akatembea hivyo mpaka akagonga ukuta. Ntwari hakuweza kujizuia, akacheka.

Ha. Ha-ha. Ha-ha-ha-ha. Alifunga mdomo, akauziba kwa viganja viwili, na kicheko kiliendelea, kikikatikakatika, kikishuka, chembamba na cha bati, huku macho ya Ntwari juu ya viganja yakijaa machozi. Felisita aliinua kofia. Alimtazama mgeni, akafurahi, akafungua mdomo naye acheke.

Emilian aliruka kutoka kwenye jamvi, akaufunika mdomo wa mtoto kwa mkono wake kabla kicheko hakijatoka.