Nukta ya Tatu Ndani ya Darubini

Nukta zilitakiwa kuwa mbili. Fundi Miwani alipochungulia nyuma ya darubini, aliona tatu.

Akafikicha jicho, akalaumu kazi. Kutwa nzima alikuwa dukani akipima macho ya watu wasiotaka kukubali kwamba hawaoni, na sasa uchovu ulikuwa umemshuka mpaka kwenye visigino. Lakini leo hakuna kuahirisha. Alikwisha kumwahidi mkewe jioni moja ya kuutazama mwezi, wawili tu, na kila siku alikuwa akirudi, anakaa kwenye kochi, anakoroma na viatu mguuni.

"Baba watoto!" mke aliita kutoka jikoni. "Mwezi ukichomoza nikakukuta bado umekumbatia hilo bomba, naliunganisha na sinki!"

"Dakika mbili tu, mama."

"Dakika zako nazijua. Nimezeeka nikizisubiri."

Mjane aliyemwuzia darubini alimwonya: marehemu mumewe aliipinda lenzi makusudi, akazigandisha skrubu kwa gundi, na akausia iachwe vivyo hivyo. Sasa mwambie fundi miwani aache lenzi imepinda! Ni sawa na kumwambia kinyozi aache nusu kichwa. Gundi aliikwangua siku ileile.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mbele unaifunika lenzi, nyuma unapenyeza mwanga wa tochi ndogo, na mwanga huo ukigonga vioo viwili vya lenzi unakurudia kama nukta mbili. Zikikaa moja juu ya nyingine, lenzi imenyooka. Balaa ni kwamba skrubu ziko mbele, jicho liko nyuma, na bomba ni refu kuliko mkono wa binadamu. Geuza, zunguka meza, chungulia. Zunguka tena, geuza tena. Bomba lilitoa harufu ya nywele zilizoungua. Akadhani ni mabaki ya gundi.

Alipoinama safari hii, zile nukta mbili zilianza kusogeleana. Taratibu, kwa adabu zote. Mkewe huyo, kamwonea huruma, kaja kumshikia skrubu.

"Hapohapo, mama," akanong'ona bila kuinua uso. "Ongeza kidogo."

Skrubu ikalia, kriii.

"Umezidisha. Rudisha."

Ikarudishwa.

Kule jikoni, mkewe akapiga chafya.

Fundi alitaka kuinua kichwa lakini shingo ilikataa, akataka kulifumba jicho lakini kope zikagoma, na ile nukta ya tatu, ambayo tangu mwanzo haikusogea hata alipozungusha skrubu zote, ikafumba, ikafumbua, ikamtazama, na kutoka ndani ya bomba, karibu naye kuliko pumzi yake mwenyewe, ikamjia sauti nzito ya mtu aliyelazwa ubavu mmoja miaka na miaka.

"Nimechoka," ikasema.

Mwingine angepiga kelele. Yeye, kama kawaida yake, kilichomtoka kwanza ni mzaha.

"Hata mimi, ndugu yangu. Basi tupokezane."

"Haya," sauti ikajibu.

Nukta tatu zikawa moja.

Kisha giza, na mbali huko, kwenye tundu dogo la mwanga, Fundi Miwani akaliona jicho kubwa la kahawia likiondoka, akalitambua kuwa ni lake. Akasikia ndala zake mwenyewe zikiburuzika kuelekea jikoni.

"Mh! Leo umekuja bila kuitwa?" mkewe akauliza.

"Nimekufuata wewe. Siku nyingi sijakutazama vizuri."

Mke akacheka. Kicheko hicho fundi hakuwa amekisikia tangu watoto wakiwa wadogo. "Makubwa! Nani kakuamsha leo, baba watoto?"

Fundi akamwita, akamwita tena kwa nguvu zake zote, na kila alivyoita, sauti yake iligonga kifuniko cha lenzi ikamrudia mwenyewe.

"Twende nje, mwezi umeshatoka," akausikia mdomo wake ukimwambia mkewe kule jikoni, kwa upole ambao yeye hakuwahi kuupata akirudi kazini. "Darubini ya nini? Tutautazama kwa macho tu."