Matairi Magumu

Pikapu ilikohoa, ikasogea kidogo kama punda aliyechoka kupigwa, kisha ikanyamaza katikati ya jangwa la mawe. Dereva hakuutazama hata mshale wa mafuta.

Nyuma, juu ya godoro, alilala mpasua mawe, paja limevunjwa na mwamba ulioporomoka machimboni asubuhi ile. Mkewe, mpishi wa kambi, aliukumbatia mguu uliofungwa kwa mbao na shuka.

Walikuwa wametoka machimboni matairi yamejazwa upepo mpaka yanalia yakigongwa. Ilikuwa amri ya meneja: tairi gumu halili mafuta. Hakudanganya, tairi laini hujikokota na gari hunywa zaidi. Basi mafuta akayapima kwa tairi gumu, tone kwa tone, na pampu akaifungia ofisini madereva wasiiguse. Miaka yote hiyo hakuna aliyepima migongo ya wanaopanda nyuma. Gari lake mwenyewe lilitembea na matairi laini, maana kiuno cha bosi ni kiuno, vya wengine ni vyuma.

Kila shimo lilimtoa mgonjwa ukelele, na kila ukelele ulitoa damu. Ndipo mkewe alipogonga paa la gari.

"Shemeji, simama. Unaniulia mume."

"Nikipunguza upepo tutakula mafuta. Huenda tusiione lami."

"Usipopunguza utaiona lami na maiti. Punguza."

Dereva akashuka, akabonyeza vali kwa ncha ya msumari, gurudumu moja baada ya jingine. Gari likaanza kutembea kama linakanyaga majani. Mgonjwa akalala, damu ikatulia, na mafuta yakaisha. Mtu na akili zake alilazimishwa kuchagua hivyo: mifupa au mwendo.

Sasa jua lilikuwa utosini. Simu haikushika mtandao.

"Maji je?" dereva aliuliza.

"Ya kulowesha midomo yake. Sisi tumeze mate."

"Lami iko nyuma ya kilima kile. Nitatembea."

"Ukianguka huko nitazika wawili, na jembe sina. Choma tairi la akiba. Moshi una miguu kuliko wewe."

"La kampuni hilo, shemeji. Nitafukuzwa."

"Na paja hili la nani? Lilivunjikia kazini kwao."

Dereva akalala chini ya injini, akafungua nati, oili ya moto ikammwagikia viganjani. Mpishi akanyofoa sponji kwenye pembe ya godoro. Wakailoweka kwa oili, wakaiwasha chini ya tairi, wakapuliza mpaka macho yakavimba. Moshi mweusi ukapanda, upepo ukaulaza chini. Tairi likateketea bila kuonekana mtu.

"Yako mengine manne," mpishi alisema.

Dereva akapiga jeki. Ikateleza juu ya mawe, spana ikampasua mkono. Akaufunga kwa soksi, akatukana ukoo mzima wa meneja, akaendelea. La pili halikuleta mtu. Mgonjwa alianza kumwita mama yake aliyekwishakufa. La tatu lilipowaka upepo ulikuwa umekufa, na moshi ukasimama wima kama mnara.

Lori la maji likaacha lami, likaja likirukaruka. Dereva wake akashuka na dumu mkononi.

"Nikadhani ni ajali."

"Ni ajali," mpishi akamjibu, akipokea dumu. "Imepangwa ofisini tu."

Hospitalini walikaa kwenye benchi la ukumbini, nyuso nyeusi kwa masizi, watu wakiwapisha kama wezi. Daktari alitoka amechoka. Mguu haukuokoka. Mwenyewe yupo, anauliza mkewe yuko wapi. Mpishi akainuka, akaingia bila kunawa.

Simu ya dereva ikalia.

"Pikapu yangu imekutwa juu ya mawe," meneja alisema. "Matairi yako wapi?"

Kwa kawaida dereva angesimama wima, hata kwenye simu. Safari hii alibaki ameketi, akanyoosha miguu.

"Mgonjwa yu hai."

"Nimeuliza matairi."

"Nimekusikia. Nami nimekujibu."