Nakupenda, Mumeo Asijue

"Namba hii ni ya nani?"

Seremala alikuwa ameshika simu ya mkewe. Mkewe, fundi cherehani aliyekuwa kwenye dripu za saratani, alivuta kilemba chake. Ujumbe ulisomeka hivi:

"Mumeo akitoka, kunywa. Asijue. Nakupenda."

"Kunywa nini? Anakupenda nani? Mke wangu, nisemeshe!"

"Sivyo unavyodhani."

"Sijui hata nadhani nini!"

Kweli hakujua. Wivu na huruma vilimbana pamoja. Alikaa kitandani, akasimama, akakaa tena.

Simu ikaita mkononi mwake, akaweka spika. Daktari.

"Dripu ya kesho tunaiahirisha. Vipimo vinaonyesha ini halipo sawa. Kuna dawa nyingine anatumia?"

"Hapana," mke akadakia.

"Ipo, daktari. Ngoja nimtafute anayemnywesha."

Akakata, akaipiga ile namba.

"Mwanangu, umekunywa?"

Seremala aliitambua mara moja. Ilikuwa sauti ya mama yake mzazi, aliyesusia harusi yao na kuapa hatakanyaga kwao.

"Mama? Wewe?"

"Baba, usimgombeze. Kutapika kulikuwa kunammaliza. Nilimpelekea mizizi achemshe."

"Si ulisema huyu si mke?"

"Nilisema. Alipougua alinipigia, akaniomba radhi kwa kosa langu mimi. Ningefanyaje? Nikanunua laini mpya. Ningekutazama wewe kwa uso gani?"

Mke alikuwa analia. "Nilikuwa nimepata mama. Niliogopa ukijua mtagombana, nimkose tena."

Asubuhi wote watatu walikuwa mbele ya daktari, mizizi mezani.

"Nimemuua mkwe wangu?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ipo mizizi ya kutuliza tumbo, ipo inayogombana na dawa zetu. Hii siijui, na ini lake linalalamika. Aiache. Nitambadilishia dawa ya kichefuchefu. Na siku nyingine, mniambie kwanza."

Ini lilipotulia, dripu ikarudi. Mama mkwe alisimama kando ya kitanda, hajui aweke wapi mikono yake.

"Leo sina cha kukupa, mwanangu."

"Nipe huo mkono, mama. Ndio niliokuwa nautaka."

Seremala, asijue acheke au alie, alienda kumtafutia mama yake kiti.