Jiwe Lililoelea Ndooni

Twaiba alikuwa na nyufa miguuni. Kulima mwani baharini si kazi ya kulea visigino. Na kesho yake alikuwa atiwe hina, maana Ijumaa anaolewa.

Jirani yao hapo Msambweni ni Syombua, Mama Kavindu, mzaliwa wa Ukambani. Alipokwenda ufukweni kununua samaki, aliokota jiwe la kijivu, jepesi, lenye vitundu kama mkate wa kumimina. Akalileta kwa ajili ya visigino vya Twaiba. Mama yake Twaiba alipofariki, mtoto alilelewa mgongoni mwa Syombua.

Mbeyu, shangazi yake Twaiba, akalitia jiwe kwenye ndoo ya maji ya moto. Likaelea. Akalizamisha kwa kata. Likaibuka. Shangazi akaruka nyuma, na magoti yake hayo yalikuwa yakilalamika tangu mwaka jana.

Akasema hilo ni jiwe la jini wa bahari, lirudishwe kwa marashi na halwa. Halwa angeionja yeye kwanza. Kisha akaongeza neno baya: watu wa bara wana mambo yao, na Syombua asikanyage kwenye hina.

Syombua alijifunga leso yake, akarudi kwake. Twaiba naye akaficha miguu chini ya kanga.

"Sitiwi hina," akasema, "mpaka Mama Kavindu awepo."

Alasiri akaja Kavindu, binti yake Syombua, anayesomesha jiografia huko Kwale.

"Shikamoo, shangazi."

Hata ukiwa na hasira, salamu huitikiwa. Shangazi akaiambia sufuria, "Marahaba." Alikuwa anapika kashata.

Kavindu akaketi, akaeleza polepole jiwe lilikotoka. Ganda la dunia limegawanyika mapande makubwa. Ng'ambo ya bahari hii, upande wa Indonesia, pande moja la chini ya bahari linazama chini ya jingine. Linakwenda taratibu, kama ukucha unavyoota. Na ndani ya mawe yake limebeba maji.

"Likifika chini linayeyuka?" Twaiba akauliza.

"Siyo lenyewe. Joto na uzito wa juu huyakamua maji yake. Maji hayo hupanda, yakaingia kwenye mawe ya moto yaliyo juu ya lile pande. Hayo ndiyo yanayoyeyuka."

Shangazi akacheka kwa pua. "Maji huzima moto, mwanangu. Tangu lini yakayeyusha jiwe?"

"Shangazi, sukari hii uliitia kavu?"

Mwiko ukasimama. Shangazi amepika kashata tangu ujana wake. Sukari kavu hutaka moto mkali.

"Nilitia maji," akasema. "Imelainika kwa moto mdogo."

"Na mawe ni karibu vivyo hivyo. Yakipata maji, huyeyuka kwa joto ambalo yangekuwa makavu yasingeyeyuka."

Kavindu akaendelea. Uji huo wa mawe ni mwepesi kuliko mawe yanayouzunguka, basi hupanda mpaka ukatokea mlimani. Ukitiririka na kupoa, huwa jiwe zito. Lakini ukijaa gesi, hufoka kwa povu kama soda iliyotikiswa. Povu likipoa ghafla huwa jiwe lililojaa hewa. Likiangukia baharini huelea, na mkondo wa maji waweza kulileta hata kwetu.

"Kwa hivyo halina mwenyewe," Shangazi akasema.

"Linaye. Mama alilileta kwa ajili ya Twaiba."

Kashata zikaanza kuungua. Shangazi akaepua sufuria, akachagua zilizopona, akazifunika kwa kawa. Akavaa buibui, akaenda nazo kwa Syombua. Aliyoyasema huko hajamwambia mtu. Alikaa mpaka adhana ya magharibi.

Siku ya hina, mguu wa Twaiba ulikuwa mapajani mwa Syombua. Alisugua polepole, kama alivyokuwa akimwogesha zamani. Kila alipopumzika, jiwe lilielea ndooni likimngoja.

Shangazi akalizamisha kwa kidole. Likaibuka. Akarudia.

"Mama Kavindu," akasema, "jiwe hili limenishinda. Na wewe umenishinda. Ukimaliza na huyo, kisigino changu kipo."

Syombua akavuta kigoda kwa mguu, akakiweka karibu na ndoo.