Nyumba ya Ukurasa wa Mia Mbili

Magharibi ilikuwa inaingia nilipompelekea mjane wa msanifu majengo kitabu chake. Kizito kama tofali: majengo ya kisasa ya dunia nzima, kwa picha. Kilikuwa kinaachia kurasa. Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Nilikishona upya, nikapaka mgongo wake gundi na kuubandika karatasi ya kuukaza. Karatasi hiyo hatununui, tunachukua yoyote iliyo karibu. Na nilichobandika mimi hakibanduki, huwa nawatambia wateja.

Mjane hakunipa hata kiti. Alifungua ukurasa wa mia mbili. Nyumba ya zege na vioo, juu ya kilima.

"Nzuri, mama," nikasema. "Lakini haina watu."

"Wapiga picha huwaondoa watu kwanza," akanong'ona. "Marehemu alikuwa akisema, nyumba isiyokaliwa ina njaa. Akaandika jina lake ndani ya jalada. Siku ya tatu... tukamzika."

Akaweka kidole kwenye ngazi. Sikuwa nimemwona: mzee mmoja alisimama pale, ametupa mgongo.

"Ndiye huyu. Niliogopa ukurasa wake usidondoke, ndiyo maana nikakuletea."

Nilitaka kucheka. Makaratasi ndiyo yanayonilisha, yanitishe vipi? Kisha nikasikia harufu.

Saruji mbichi.

"Fundi... mgongo umeukaza kwa karatasi gani?"

Ilikuwa ya daftari kuukuu la kitindamimba wangu, wa miaka minane. Jina lake lilikuwa juu, kwa penseli.

Tukatazama dirisha la ghorofani, pale pichani.

Halikuwa tupu.

Nilikwapua kitabu nikakimbia hadi nyumbani. Mke wangu alikuwa mlangoni, analia.

"Baba watoto, mwanao namwita haitiki! Macho yako wazi, mwili wa baridi kama sakafu."

Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikang'oa jalada, nikalowesha mgongo. Karatasi ikatoka kipande kwa kipande. Kila kilipotoka kimoja, mtoto alivuta pumzi. Mke wangu akawa anamshukuru Mungu.

Kimebaki kimoja tu, chenye jina. Nimekilowesha tangu jana. Nikikivuta, kinachanika katikati ya jina, na mwanangu anapiga kelele.

Kitabu mkononi, namtazama kitandani. Midomo imefumbwa.

Kelele zinatoka mikononi mwangu.