Pipa la Melkizedeki

JUMAMOSI, JIONI

Chande alimwaga majivu ya sigara mezani, akachora kwa kidole.

"Barabara ya Kisiwani hii hapa. Ghala la wazungu wanaojenga barabara lile pale. Ndani mna mapipa manane ya oili. Kesho yanatoka."

Walikuwa watatu, katika chumba cha nyuma cha bucha lililofungwa kwa kukosa ng'ombe, mjini Same. Chande alikata mkonge miaka mingi mpaka akachoka kuwa maskini. Yeye ndiye aliyekuwa na bastola. Kurwa alikuwa mpagazi wa stesheni, mwenye mgongo wa kubeba na mdomo wa kuropoka, ingawa jioni ile alikaa kimya. Melkizedeki alikuwa na lori.

Tuseme ukweli, lori halikuwa lake. Lilikuwa la kijiji, huko milimani juu ya Gonja. Yeye aliliendesha tu.

"Oili gani?" aliuliza.

"Sinthetiki. Haikuchimbwa ardhini, imetengenezwa maabara. Wanasema gari linakwenda nayo safari mbili za oili ya kawaida kabla ya kumwaga."

Melkizedeki alimeza mate. Mwaka ule wa themanini na tatu, oili ilikuwa haionekani. Watu walichuja ile chafu kwa kitambaa, wakairudisha kwenye injini. Lori la kijiji lilitakiwa kubadilishwa oili kila kilomita elfu tano, na kwa vumbi na miinuko ya Upare hata mapema zaidi. Yeye alikuwa hajamwaga tangu mavuno ya mwaka juzi. Aliongeza tu kila alipobahatisha. Ilikuwa imekuwa nyeusi, nzito kama lami. Injini ikifa, nani angeteremsha tangawizi ya watu?

"Pipa moja langu," alisema.

"Lako. Mengine tunampa mtu wa Tanga, anatusubiri Ndungu." Chande akamgeukia Kurwa. "Wewe mbona umeufyata? Polisi wamekukata ulimi?"

Kurwa alikuwa ametoka rumande juzi. Alizolewa kwenye msako wa wahujumu uchumi, akaachiwa bila hata kofi.

"Niko sawa, kaka," alisema.

JUMAPILI, KENGELE YA KANISA

Mji ulikuwa kanisani. Kwenye geti la ghala alikuwapo mlinzi mmoja, Mzee Tumainieli, na rungu lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Melki. Leo husali?"

Chande alitokea nyuma, akamwekea mzee bastola sikioni. Mzee hakumtazama Chande. Alimtazama Melkizedeki.

"Hata wewe, mwanangu?"

Walimfunga kamba. Wakaegemeza mbao kwenye lori, wakaviringisha mapipa moja baada ya jingine, mishipa imewatoka. La mwisho lilipopanda, Chande alirudi kwa mlinzi.

"Huyu anakujua jina."

"Mwache," alisema Melkizedeki.

"Atakutaja."

"Na anitaje! Mwache!"

Chande alimpiga mzee kwa kitako cha bastola, mara mbili. Mzee alianguka kwa ubavu, akaanza kukoroma vibaya. Melkizedeki alisimama kama aliyepigiliwa misumari.

"Washa gari," alisema Chande.

Akawasha.

ADHUHURI

Walipoipita Kisiwani, taa nyekundu ya oili iliwaka. Injini ikaanza kugonga. Melkizedeki akalisimamisha lori kwenye kivuli cha korongo.

"Endesha!" Bastola ilikuwa ubavuni mwake.

"Nikienda, injini inakamata hapahapa. Chagua."

Chande alitukana, akashuka. Melkizedeki alilala chini ya lori, akafungua nati ya sampu, bakuli la oili chini ya injini. Uchafu ulitoka kwa mabonge. Aliosha chujio kwa dizeli, akafungua pipa, pipa lake, akamimina. Oili ilikuwa na rangi ya asali. Alipowasha, taa ilizimika. Kugonga kukatulia. Kwa muda mfupi alisahau kila kitu, akasikiliza injini ile kama mtu anayesikiliza mgonjwa wake akiomba uji.

"Tukifika nitaimwaga tena," alisema.

"Umwage tena? Si inakaa muda mrefu?"

"Kwenye injini safi. Hii yetu ilijaa matope. Oili hii inayaosha, yataziba chujio."

Chande alisogea kichakani kukojoa. Hapo Kurwa akamshika Melkizedeki mkono.

"Kwenye daraja la mbele kuna mgambo. Ukipunguza mwendo, ruka. Wameniahidi hawatakugusa."

"Umetuuza?"

"Walisema miaka saba, Melki. Ningefanyaje?"

Chande alikuwa anarudi. Melkizedeki angeweza kugeuza lori. Angeweza kusema. Alifikiria mkoromo wa yule mzee, akaingiza gia, akaenda mbele.

DARAJANI

Gogo lilikuwa limelazwa barabarani. Bunduki zikachomoza kwenye mkonge.

Chande alimtazama Kurwa. Alimpiga risasi kifuani mlemle ndani ya kabini, akafungua mlango, akaruka. Risasi zilimfuata ndani ya mkonge. Hazikumpata siku ile, wala hakupatikana tena.

Kurwa alimwangukia Melkizedeki begani. Melkizedeki hakuruka. Alizima injini, akainua mikono.

Walimtia pingu, wakamketisha juu ya mapipa. Sajenti alishika usukani kurudi Same.

"Afande, taa ikiwaka simama. Chujio limejaa uchafu, litaziba. Nakuomba."

"Nyamaza, mwizi."

Kwenye mwinuko wa pili injini iligonga. Sajenti akakanyaga mafuta. Ikagonga zaidi, kisha kikavunjika kitu ndani, na lori likasimama kimya katikati ya barabara.

JUMA LILILOFUATA

Mzee Tumainieli alikufa Jumatano bila kuzinduka. Chande hayupo, Kurwa kazikwa. Wa kujibu kesi ya mauaji alibaki mmoja.

Dorkas, mke wa Melkizedeki, alifika rumande na vumbi mpaka magotini.

"Mkutano wa kijiji umekaa," alisema. "Wametaka tutoke kwenye nyumba ya kijiji. Mimi, Ernesta na wadogo zake."

"Uliwaambia lile pipa lilikuwa la lori lao?"

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

Dorkas alijifunga kanga upya, akakaza fundo.

"Baba Ernesta, dada wa Mzee Tumainieli alikuwepo. Alilia tu. Mkutano ukafungwa."

Askari aligonga mlango kwa funguo. Melkizedeki aliuliza watalala wapi usiku ule. Dorkas alikuwa ameshageuka, akiutafuta mlango.